Sura ya Tisa: Waliokataa Maji ya Ziwa

Damu haikuwa nyingi. Ilikuwa imejibanza kwenye ufa wa jiwe, mahali ambapo maji ya chemchemi hayakufika, na Inspekta Hamdani asingeiona kama asingepiga goti kunywa. Akaikwangua kwa ukucha, akainusa, akakunja uso. Kando ya jiwe kulikuwa na majivu yaliyolowana. Mtu asiye na sabuni hufulia majivu, na huyu alikuwa na nguo yenye damu.

Akasimama, akatazama chini. Aliona kambi ya mahujaji katikati ya mteremko, halafu mchanga ambapo marehemu Pastory alikutwa jana alfajiri kichwa kimepasuliwa kisogoni, halafu ziwa. Tanganyika yote ile, maji ya kutosha kufulia nguo za nchi nzima na za majirani zake, ilikuwa chini ya miguu ya maiti. Muuaji akaiacha. Akapanda kilima na damu yake mwilini, akapita kando ya watu waliolala, aje kufulia kwenye chemchemi inayotoka kwa kudondoka kama pua ya mwenye mafua.

Hamdani alikuwa mtoto wa Ujiji. Ziwa ndilo lililomnywesha, likamwosha na kumlisha dagaa mpaka akaota ndevu. Hakuona sababu yoyote ya mtu mwenye akili kulikimbia, na jambo hilo lilimkera.

Kambini alimkuta Feliksi, kamanda wa mgambo wa Kasunzu, amesimama juu ya mateka wake kama mwindaji anayesubiri kupigwa picha. Mateka alikuwa Assani, mvuvi wa Kibembe kutoka ng'ambo ya ziwa, amefungwa mikono nyuma kwa kamba ya nyavu. Shati lake lilikuwa na damu iliyokauka kifuani.

"Ndugu Inspekta, kesi hii imekwisha," alisema Feliksi. "Tumemkuta juu ya maiti. Juzi jioni aligombana na marehemu mbele ya watu. Na hawa wa ng'ambo unawajua."

"Siwajui. Waliogombana, waligombania nini?"

"Alileta dagaa kuwauzia mahujaji. Marehemu akamfukuza."

Hamdani akachuchumaa mbele ya Assani. "Ulimkuta wapi?"

"Mu maji, muzee. Ukingoni, mawimbi yanamucheza. Nilifikiri angali muzima. Nikamubeba kifuani, nikamulaza ku muchanga, nikapiga kelele. Wakaja, wakanifunga."

"Hukunawa?"

"Nitanawa saa ngapi na mikono imefungwa?"

Mganga msaidizi aliyekuja na boti ya polisi asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kumkagua marehemu. Pastory alipigwa jiwe mara moja, akafa kabla maji hayajamfikia. Boti ilitaka kumchukua, mahujaji wakakataa katakata. Kwa desturi ya msafara wao hakuna anayepanda chombo cha ziwani, awe hai au amekufa. Aliyeanza kwa miguu atafika kwa miguu, na akifa atafika kwa miguu ya wenzake. Hamdani aliwakubalia upesi kuliko walivyotegemea. Boti akaituma itangulie Kasunzu. Alitaka watu wote wale watembee mbele ya macho yake mchana kutwa, maana kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini mchana wenyewe ulikuwa mmoja tu. Kasunzu habari zilikwishafika, na Feliksi alisema bila haya kwamba vijana wanasubiri na marungu. Pastory alikuwa mtu wao. Kama Hamdani angefika bila jina lingine, Assani asingeifikia boti akiwa hai, na kamanda wa mgambo angegeukia upande mwingine apige mluzi.

Wakaondoka. Mbele ilitangulia machela ya miti, Pastory amefunikwa majani ya mgomba, wanaume wakipokezana. Nyuma yake walifuata mahujaji katika shuka nyeupe za bafta, Wakristo na Waislamu kwa pamoja, rozari na tasbihi katika mstari mmoja. Hawa ndio waliofiwa katika chombo kilichozama mwaka wa pili wa Uhuru, kikitoka Ujiji kwenda kusini. Kila mwaka Pastory aliwaongoza kando ya ziwa, kupita Ilagala na kuvuka Malagarasi, mpaka Kasunzu, ambako maiti zilitupwa na maji na yeye Pastory mwenyewe, mvuvi wa hapo, akazizika kwa mikono yake kabla ndugu hawajafika. Kwa hilo watu walimheshimu kuliko padri na shehe.

Jua lilipopanda, Hamdani alijisogeza kwa mzee Zefania, mlokole mwenye sauti ya kuhubiri, ambaye naye alionekana juzi akibishana na marehemu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba."

"Wewe na Pastory mlikuwa na neno gani?"

Zefania hakuficha. "Serikali inapanua kijiji cha Kasunzu. Operesheni. Mwezi ujao makaburi yetu yanafukuliwa yahamishiwe mlimani, pale ijengwe shule. Mimi nikasema vema, tuwepo, mdogo wangu ahamishwe kwa heshima. Pastory akawaka moto. Akasema serikali isiguse hata jiwe. Nikamuuliza, mbona unaogopa jembe kama mwizi? Akanyamaza. Tangu hapo hakusema na mtu."

"Ukakasirika."

"Nilikasirika sana. Ningekuwa mtu wa kuua kwa hasira ningekuwa nimeanza na mke wangu wa kwanza." Kisha akaona aibu kwa utani huo mbele ya machela, akainamisha kichwa.

Midomo ya mzee ilikuwa imepasuka kwa kiu. Hamdani akamnyooshea chupa yake ya bati. Zefania aliipokea, akaipeleka mdomoni, halafu akasita.

"Umeyachota wapi?"

"Ziwani, asubuhi."

Zefania akairudisha kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha mtoto aliyejikojolea. "Samahani, baba. Sisi hatunywi."

"Hamnywi nini?"

"Maji yake. Tangu Ujiji mpaka tufike na kuomba kaburini. Hatunywi, hatuogi, hatunawi hata kidole, hatuli samaki wake. Ndiyo maana yule kijana alifukuzwa na dagaa wake. Limekula watu wetu, utalitilia mkono vipi? Tukishafika ndipo tunapatana nalo."

"Na mkichafuka?"

"Tunachafuka. Shuka hazifuliwi njiani. Vumbi ndiyo sadaka."

Kero ya Hamdani ya asubuhi ilikuwa imepata jibu, na jibu lenyewe halikumfurahisha. Assani angenawa ziwani. Feliksi angenawa ziwani. Mwizi, jambazi, mwendawazimu, kila mtu wa pwani hii angeinama pale pale akanawa. Mtu mmoja tu angeona afadhali kupanda kilima na damu mikononi: yule ambaye, hata baada ya kuua, alishindwa kuvunja nadhiri.

Akageuka, akamsubiri Feliksi.

"Mfungue mikono."

"Ndugu Inspekta!"

"Aliyeua alifua damu chemchemini. Huyu damu iko kifuani mpaka sasa."

"Pengine alifua suruali," alisema Feliksi.

"Na shati akaliacha ili wewe usipate shida? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mfungue, na akabebe machela. Nataka Kasunzu wamwone amembeba Pastory begani."

Feliksi alifungua kamba huku akinung'unika. Assani alisugua vifundo vyake, akaenda mbele, akaingia chini ya mti wa machela bila kuambiwa mara ya pili. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Hamdani alihisi kifua chake kinapungua uzito.

Lakini sasa alikuwa na mstari mzima wa watu wa kuwaangalia. Alibaki nyuma, akawatazama migongo. Shuka zote zilikuwa rangi moja, ile rangi ya udongo wa njia za Ujiji, vumbi juu ya jasho, jasho juu ya vumbi. Zote isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa na tope jipya la matete waliyopita leo, mpaka magotini, na juu ya hapo ilikuwa nyeupe. Aliyeivaa alikuwa mama mtu mzima, mrefu, anayetembea wima nyuma kabisa ya kichwa cha marehemu, akifukuza nzi kwa tawi.

"Yule nani?" alimuuliza Eufrasia, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa mchota maji wa msafara.

"Mama Marcelina? Ndiye mama yetu sote. Binti yake Regina alizama na kichanga mgongoni. Hapa njiani ukichoka anakubebea, ukilia anakunyamazisha."

"Shuka yake safi."

"Ndiye aliyemwosha marehemu jana. Ukishika maiti utakaa na najisi mwilini? Tukamwambia afue, Mungu ataelewa."

Basi hapo. Hamdani karibu ajicheke. Sababu ilikuwa wazi, na ilimpendeza kuliko alivyotaka kukiri, kwa kuwa hakuwa na hamu ya kumshuku mama yule. Waliendelea, Eufrasia akilalamikia kiu, magoti na serikali, mpaka maneno yake yakafika kwenye chemchemi yenyewe.

"Hata ile ya jana, we acha tu. Nimeamka alfajiri nichote, nakuta maji meusi, majivu matupu. Nikasema, yemwe, jamani, nani kachezea maji ya watu? Nikakaa nikangoja yatulie. Ndipo nikasikia yule Mbembe anapiga kelele ufukweni."

"Ulikuwa chemchemini aliposikika?"

"Na mtungi wangu kichwani, mtupu."

"Kumbe maji yalichafuliwa kabla maiti haijaonekana."

"Ndiyo."

"Na ulipokuwa ukipanda kwenda huko, ulipishana na mtu?"

"Sikupishana na mtu. Mama Marcelina tu alikuwa amekaa nje ya kambi, amejifunga kanga, shuka kaianika kich…"

Neno halikuisha. Eufrasia alisimama katikati ya njia, mahujaji wakampita kulia na kushoto. Uso wake mnene ulilegea, akaonekana mzee ghafla.

"Mimi sijasema kitu, baba," alisema. "Mimi mjinga tu, nasemasema. Usiandike hayo."

"Sijaandika."

"Yule mama alinishika mkono mwaka ule nilipotaka kujitupa majini." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa pindo la shuka chafu. Hamdani alimwonea huruma, na alijua huruma hiyo haitamsaidia kitu mama yule. Akamwacha hapo, akaongeza mwendo.

Njia ilikuwa imeingia kwenye michikichi, kivuli kikubwa, kokwa zimetapakaa chini. Wabebaji wa machela walikuwa wanapokezana. Marcelina alisimama pembeni na tawi lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Nilidhani utakuja tangu kwenye matete."

Hamdani alikuwa amejiandaa kwa uongo, machozi, viapo. Kwa hili hakujiandaa.

"Mama, shuka yako ilikuwa inakauka kabla Assani hajapiga kelele. Marehemu ulimwosha baadaye. Kwa hiyo ulifua mara ngapi?"

"Mara moja. Mara ya pili niliilowesha tu, watu waone."

"Ulimpiga wewe."

"Nilimpiga mimi." Alisema hivyo huku akimwangalia nzi aliyetua kwenye majani ya mgomba, akamfukuza. "Tutembee. Tukisimama watageuka."

Wakatembea, wawili bega kwa bega, nyuma kidogo ya machela.

"Aliniamsha, akaniomba tushuke ufukweni. Akasema, Mama Regina, nina neno limenikaba. Kasunzu hakuna mtu."

"Hakuna mtu vipi?"

"Makaburini. Hakuna aliyezikwa. Ziwa halikurudisha hata mmoja. Aliokota makasia, na ndoo, na kilemba kimoja. Lakini watu walikuwa wanafika pale wanajitupa majini kufuata watoto wao, naye akaona afadhali wapate pa kulilia. Akapanga mawe. Wa kwanza kufika alikuwa mimi. Akanionyesha lundo, akasema, huyu ndiye wako, nimemlaza na mwanawe. Miaka yote hii, mwanangu, nimekuwa napalilia mawe."

Sauti yake haikutetemeka.

"Kwa hilo ukamuua?"

"Kwa hilo ningemtemea mate, nikalia, nikamsamehe. Akasema kwa kuwa serikali inakuja kufukua, atawaambia wote asubuhi ile, hapo kambini, kila mtu arudi kwao. Nikamwambia, Pastory, wafikishe kwanza. Mwaka huu tu. Eufrasia ana moyo mbovu, Zefania hataiona Pasaka nyingine. Wafikishe waombe, halafu useme. Akasema hawezi tena kuwapeleka watu kwenye mawe matupu. Akanipa mgongo, anapanda kuwaamsha." Akapunga tawi. "Jiwe nalikumbuka mkononi. Kuinama sikumbuki. Nilimpakata kichwa, nikidhani ataamka."

"Mama, watafukua. Mwezi ujao watajua."

"Mwezi ujao ni mwezi ujao. Leo wafike."

Hapo hasira ikampanda Hamdani, hasira ya kweli. "Na Assani? Unamwona yule chini ya mti? Kasunzu wanamsubiri na marungu. Angefia kosa lako ili wenzako wapate kulia vizuri?"

"Nilikuwa niseme tukishafika."

"Wenye marungu wangekungoja umalize rozari?"

Kwa mara ya kwanza tawi lilisimama mkononi mwa Marcelina, nzi wakatua. Ilionekana kwamba jambo hilo hakulifikiria hadi mwisho, na sasa lilikuwa limemfikia lote kwa mkupuo. Alimtazama kijana wa Kibembe, shati lake na bega lake lililoinama chini ya uzito, mpaka macho yakamjaa maji.

"Nitapanda boti yako kwa miguu yangu," alisema hatimaye. "Nitawaambia mimi niliua. Sababu niachie. Nitasema tuligombana."

"Hakimu atauliza."

"Hakimu na aulize. Hakimu hayuko Kasunzu leo."

Hamdani aliipapasa pingu mfukoni, akaiacha humo humo.

Walifika jua likielekea milima ya Kongo. Vijana walikuwa wamejipanga ufukweni kweli, marungu mikononi, lakini walipomwona Assani chini ya machela, jasho linamtiririka, hawakujua la kufanya. Huwezi kumpiga mtu aliyembeba maiti wako. Kabla hawajapata shauri jingine, Marcelina alikwenda mbele yao, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mashua kwamba aliyemuua Pastory ni yeye, waligombana, na kijana huyu hana hatia. Mwanamke mmoja alianza kucheka akidhani mama amechanganyikiwa. Eufrasia alikaa chini mchangani, akajifunika uso.

Hamdani alimpa ruhusa ya kuomba kabla ya boti. Mahujaji walikwenda makaburini, mistari ya malundo ya mawe yaliyopakwa chokaa, mengine na misalaba, mengine bila. Wakaanguka kila mmoja kwa wake. Kilio kilikuwa kile kile cha kila mwaka, walioizoea Kasunzu walisema, ila safari hii kilikuwa na watu wengi zaidi wa kulilia. Marcelina alipiga magoti kwenye lundo la Regina, akang'oa majani yaliyoota katikati, akayapangusa mawe moja moja kwa kiganja, bila kuruka hata moja. Eufrasia alikuja, akapiga magoti upande wa pili, akamsaidia.

Wanaume walichagua mahali pa kumzika Pastory, katikati kabisa, jirani na watu aliowazika. Zefania alidai jembe la kwanza, kwa ajili ya ugomvi wao. Hamdani alisimama karibu, akimwangalia mama, akiisikia boti ikiwashwa.

Jembe likagonga mwamba.

Zefania akasogea hatua, akapiga tena. Mwamba. Alikuwa hajafika hata gotini. Akakwangua kulia, akakwangua kushoto, chuma kikilia kote, jabali moja kutoka ukingo mpaka ukingo. Mzee akainua kichwa. Akatazama mstari wa malundo, ule wa mbele na wa nyuma yake, akatazama mikono yake, kisha lundo la mdogo wake. Hamdani aliona fikra inavyomwingia usoni polepole, na hakuwa na la kufanya kuizuia. Zefania akamtazama Marcelina kwenye mawe yake. Halafu akamtazama Hamdani, muda mrefu, akiuliza bila kufungua mdomo, na Hamdani akainamisha macho.

"Mzee, vipi?" mtu aliuliza kutoka nyuma. "Kuna nini humo?"

Zefania alikohoa. Alikuwa na sauti ya kuhubiri, na aliitumia yote.

"Hakuna kitu. Ardhi imekauka tu, mvua ya mwaka huu mnaijua. Leteni mtarimbo, na wenye nguvu wawili. Nyinyi wengine endeleeni kuomba."

Akainama tena kwenye shimo, akaendelea kukwangua. Hamdani akavua koti la serikali, akaliweka juu ya majani, akashuka kumsaidia.